Dar naambiwa nina ukanda, tawini naambiwa niwapime watu kwa mto Ruvuma

Mleta uzi

Wakuu, salaam. Uzi huu ni mrefu. Mwenye haraka aupite, mwenye nafasi ausome wote ndipo achangie.

Naandika nikiwa Chikongola, Mtwara mjini. Jana tulikuwa na kikao cha tawi kilichoanza saa nane mchana kikavunjika magharibi bila kura kupigwa. Chama sikitaji, kwa sababu yaliyotukuta yanaweza kukikuta chama chochote kinachosema kinasimama na mkulima na mvuja jasho.

Ajenda ilikuwa moja, kuchagua katibu wa tawi, na majina yalikuwa mawili. La kwanza ni la mama mmoja mwenye miaka 50 na ushei, ambaye kwa miaka minne ndiye aliyeshika daftari letu la wanachama. Siku za mnada wa korosho utamkuta ghalani na wakulima wa AMCOS, chama cha ushirika cha msingi, tangu alfajiri, anasoma nao karatasi za bei na makato mstari kwa mstari. La pili ni la kijana wetu, sina neno naye. Kabla hatujafika popote akasimama mzee ninayemheshimu sana, akasema: "Huyu mwanangu ni mchapakazi, hilo silikatai. Lakini wazazi wake walivuka Ruvuma kutoka Msumbiji. Sisi tunapigania Kusini. Tutaongozwaje na mtu wa ng'ambo?"

Baadhi walipiga makofi. Yule mama aliinamisha kichwa akaendelea kukunja ukurasa wa daftari. Na mimi, ambaye vijana wananiita mwalimu wa itikadi, nilinyamaza. Alipoinuka mwingine kusema neno la heri, kikao kilikuwa kimeshachafuka.

Sasa sikieni upande wa pili. Wiki tatu kabla ya hapo nilikuwa Dar kwenye semina ya wanaharakati wa mlengo wetu wa kushoto. Nilipopewa nafasi nikazungumzia ushuru wa korosho na bomba la gesi. Ndugu mmoja, msomi mzuri tu, akanijibu mbele ya watu: "Nyie wa Mtwara mna ukanda. Mjamaa hana mkoa." Wakacheka kidogo, tukaendelea na mada nyingine.

Nimekaa nayo hayo mawili. Kule niliambiwa nimezidi Kusini. Huku tunamwambia mwenzetu amepungukiwa Kusini. Nataka tuseme wazi: hiki kitu tunachokiita Kusini ni kitu gani, na mtu wa mrengo wa kushoto anakishikaje bila kujikata?

Nianze na hofu ya wenzetu wa Dar, maana si ya kubuni. Nchi hii iliogopa kwa makusudi vyama vya kabila, dini na mikoa. Sheria ya Vyama vya Siasa ya 1992 inataka chama kiwe na wanachama wasiopungua 200 katika kila mkoa, kwa mikoa isiyopungua 10, na katika hiyo iwemo Unguja na Pemba. Chama cha Kusini peke yake hakisajiliwi. Ahadi za mwana-TANU zilianza na maneno kwamba binadamu wote ni ndugu zangu na Afrika ni moja. Mimi nimelelewa na maneno hayo, baba aliyasema kama dua. Siyatupi.

Lakini tazameni Kusini ilivyozaliwa. Wamakonde, Wamwera, Wayao, Wamakua, Wangindo na Wamatumbi hatuna lugha moja wala mila moja. Aliyetufanya tujione kitu kimoja ni historia. Vita vya Majimaji vilianzia Umatumbi mwaka 1905, na Wajerumani wakavimaliza kwa kuchoma maghala na mashamba, watu wakafa njaa. Mwishoni mwa miaka ya 1940 Waingereza wakaja Nachingwea na mradi wao wa karanga. Bandari ya kina kirefu ikajengwa Mtwara, reli ikatandikwa, mradi ukafa, na miaka michache baada ya uhuru reli ikang'olewa. Kisha vita vya ukombozi wa Msumbiji, 1964 hadi 1974. Mpaka wetu ukawa mstari wa mbele, na mstari wa mbele haujengwi viwanda. Tuliukubali mzigo huo na sijawahi kumsikia mzee wa hapa akiujutia. Halafu barabara. Wenye umri wangu mnaikumbuka Ndundu–Somanga: kilomita kama 60, na wakati wa masika basi linalala njiani, abiria wanapika muhogo kando ya barabara.

Kwa hiyo Kusini ni jina la foleni. Ni watu wa makabila mengi waliosimama muda mrefu kwenye foleni moja. Damu haimo humo. Na yule mama wa daftari amesimama kwenye foleni hiyo tangu azaliwe.

Nakuja kwenye korosho, hapo ndipo mambo yanapokuwa mazito.

Mchangiaji wa 2, Tandahimba

Mkuu, nimesoma nikasisimka. Ila kabla hujaingia kwenye korosho, usitulainishe. Hao wa Dar wanaotuita wakanda ndio wanakula korosho zilizobanguliwa India. Mwaka 2018 Sheria ya Fedha ilichukua ushuru wote wa kuuza nje korosho ghafi ukaingia Mfuko Mkuu wa Hazina. Kabla ya hapo 65% ilikuwa inarudi kwenye zao: salfa ya kupulizia mikorosho, miche, utafiti wa kituo cha Naliendele. Wabunge wa Kusini walipolalamika ndani ya Bunge, wa mikoa mingine wangapi walisimama nao? Tuliachwa peke yetu. Umoja wa wavuja jasho ninaousikia kwenye semina sikuuona siku ile. Ukiniambia niache kusema Kusini, niambie kwanza nitasema kwa jina gani.

Mleta uzi

Ndugu wa Tandahimba, sikuambii uache. Sema Kusini, na mimi nasema. Swali langu ni nani yumo ndani ya neno hilo.

Novemba 2018 bei ilipovurugika na serikali ikaamua inunue yenyewe korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likiisomba, wewe na mimi tulikuwa vijijini. Nani alikuja mlangoni kwa mkulima wakati wa njaa, akamwachia debe la mahindi na kuondoka na ahadi ya korosho ambayo haijaanguka mtini? Kangomba, mlanguzi wa korosho. Na mwenye kangomba alikuwa nani? Alikuwa Mmakonde mwenzetu, jirani, mara nyingine mjomba mtu. Anaongea Kimakonde kitamu kuliko mimi. Ana nyumba ya bati la rangi iliyojengwa kwa korosho za wajane.

Siku ya maandamano huyo naye hubeba bango la Kusini, tena huchangia mafuta ya gari la spika. Ukipima watu kwa mto Ruvuma, yeye ni ndugu na mama wa daftari ni mgeni. Ukipima kwa nani anamnyonya nani, mambo yanageuka. Sisi tuliojiita wa kushoto kazi yetu ilikuwa kushika kipimo hicho cha pili hata pale kinapouma nyumbani. Jana hatukukishika.

Mchangiaji wa 3, Dar es Salaam

Salaam ndugu zangu. Mimi ni mmoja wa waliokuwepo kwenye semina hiyo na sikufurahia kicheko kile. Hata hivyo naomba mnielewe hofu yangu. Leo gesi ya Mtwara, kesho dhahabu ya Geita, kesho kutwa maji ya Rufiji. Kila mwenye kitu ardhini akisema ni chetu, Dodoma yenye vumbi na zabibu itakula nini? Ujamaa ulisema mali ya nchi ni ya wote. Mwaka 2012 na 2013 mliposema gesi haitoki, mimi nilikuwa chuo, na kwa moyo wangu nilishindwa kuwaunga mkono kwa sababu hiyo.

Mleta uzi

Ndugu, asante kwa kusema kwa adabu. Nikujibu kwa urefu, maana hili nimelibeba zaidi ya miaka kumi.

Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa 1982. Tulikaa nayo miaka 30 tukiambiwa subirini. Ulipokuja mpango wa bomba la inchi 36 kutoka Madimba hadi Dar kwa mkopo wa benki ya Exim ya China, watu waliuliza mtambo wa umeme na viwanda tulivyoahidiwa viko wapi. Tarehe 27 Desemba 2012 tuliandamana, vyama vya upinzani vikiwa pamoja, vya kulia na vya kushoto, na watu wasio na chama. Nilikuwemo. Hakuna siku nimejiona mtu kamili kama ile. Mwezi wa kwanza moto ukawaka Masasi. Tarehe 22 Mei 2013, bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini iliposomwa Dodoma, Mtwara ikalipuka. Watu walikufa, nyumba zikachomwa, wanajeshi wakaingia mitaani. Oktoba 2015 bomba likazinduliwa.

Nimejiuliza mara nyingi tulikosea wapi. Kosa la kudai silioni. Kosa naliona kwenye sentensi tuliyoishia. Tulisema gesi haitoki, tukanyamaza. Hatukumwambia mkazi wa Mbagala kule Dar: umeme unaoulipia ghali na kijiji changu kilicho gizani vinatoka kwenye mkataba mmoja, na mkataba huo wewe hukuuona na mimi sikuuona. Hilo ni dai la wote, wa Geita na wa Dodoma pia. Mjamaa angelisema. Mimi nilikuwa na kipaza sauti mkononi na sikulisema, kwa sababu kusema "yetu" kulipata shangwe zaidi.

Kwa hiyo nakukubalia kwamba mali ni ya nchi nzima. Ila nawe nikubalie hili: anayesema "taifa" si lazima awe anasema "wote". Taifa linaweza kuwa jina la kistaarabu la kanda iliyo karibu na bandari kuu na wizara. Anayetaja kanda yake anaonekana ana ukanda, na ambaye kanda yake ndiyo ilishageuka taifa haonekani.

Nikupe mfano wa mbali. Antonio Gramsci, aliyekuwa kiongozi wa chama cha kikomunisti cha Italia, alizaliwa kisiwani Sardinia mwaka 1891. Ujana wake alikuwa na uchungu wa kisiwa kama wetu, alikiri mwenyewe kwamba aliwahi kutamani watu wa bara watupwe baharini. Mwaka 1911 akaenda Turin kusoma, mji wa viwanda, huko akakutana na wafanyakazi waliofundishwa tangu utotoni kwamba kusini ya Italia ni pingu inayoirudisha nchi nyuma, na watu wa kusini ni wavivu wa asili. Ndugu, ni mara ngapi umesikia watu wa Mtwara ni wavivu, wanajua ngoma na unyago tu? Gramsci hakuacha usardinia wake na hakuubeba kama bendera. Aliwaambia wafanyakazi wa kaskazini kwamba bila mkulima wa kusini hawashindi, na kwamba dharau yao kwa mkulima huyo ni mali ya tajiri waliyoivaa bila kujua. Alisimulia pia juu ya wanajeshi Wasardinia, watoto wa wakulima na wachungaji, walioletwa Turin kuzima migomo. Walidhani wagomaji ni mabwana kwa sababu wamevaa tai. Wafanyakazi wenye asili ya Sardinia wakawa wanakwenda kuzungumza nao, jioni baada ya jioni, mpaka kikosi kikaondolewa mjini.

Mazungumzo ya namna ile ndiyo hatukuyafanya 2013, sisi wala nyinyi.

Mchangiaji wa 4, Lindi mjini

Naomba niseme kidogo na msinikasirikie. Nyie wa Mtwara mkisema Kusini mnamaanisha Mtwara. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa 1974, na tangu 2004 inakwenda Dar kwa bomba. Songo Songo iko Kilwa, Kilwa iko mkoa wa Lindi. Aliyeandamana ni nani? Miaka minane kabla ya maandamano yenu gesi ilipita Somanga na hakuna aliyefunga duka Mtwara kwa ajili yetu. Mkoa wetu uligawanywa na wenu mwaka 1971, na tangu hapo vikao vya "Kanda ya Kusini" vinafanyika Mtwara na wajumbe wa Lindi wanalipa nauli. Mleta uzi ameongea vizuri kuhusu Dar. Ajitazame na kwake.

Mleta uzi

Dada au kaka wa Lindi, sina utetezi. Ni kweli tupu. Nimeisoma mara tatu. Naomba tu uniruhusu nitumie hoja yako kwenye kikao kijacho.

Mchangiaji wa 5, Nachingwea

Shikamooni wakubwa, vijana habari zenu. Mimi nina miaka 71 na mjukuu ndiye anayeniandikia.

Mnazungumza habari za mtu wa ng'ambo. Kwetu Nachingwea ndiko ilikokuwa kambi kubwa ya FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji. Nilikuwa kijana, tulikuwa tunapeleka muhogo na maboga, na Samora Machel nimemwona kwa macho, anatembea haraka kama mtu anayechelewa. Nataka niwaambie kitu ambacho vijana wa leo hawafundishwi.

Kabla ya FRELIMO kuundwa Dar tarehe 25 Juni 1962, Wamakonde wa Msumbiji waliokuwa wanafanya kazi Tanganyika na Kenya walikuwa na chama chao, MANU. Ndicho kilichojiunga na vyama vingine viwili ikazaliwa FRELIMO. Umakonde ulianza, utaifa ukafuata. Mtu asiwaambie kwamba umoja ulishuka kutoka juu kwa wasomi.

Ila sikieni na upande mwingine. Alikuwepo Lazaro Nkavandame, mkubwa wa Cabo Delgado ndani ya FRELIMO. Alisimamia maduka na biashara kwenye maeneo yaliyokombolewa, na wenzake wakamshutumu kwamba wakulima wanaleta mazao halafu faida inakwenda kwa wachache. Alipobanwa akaanza kusema Wamakonde wanaonewa na watu wa kusini, Cabo Delgado ijitegemee. Mwaka 1969 akaenda kwa Wareno. Huyo ndiye kangomba wa mleta uzi, ila yeye alipewa bunduki.

Na bado, wakuu, manung'uniko aliyoyatumia hayakuwa ya uongo yote. Mondlane, kiongozi wa kwanza wa FRELIMO, alitoka Gaza, Samora aliyemfuata alitoka Gaza, na Gaza ni kusini ya Msumbiji. Kule ng'ambo Mmakonde ni mtu wa kaskazini na wenye nguvu ndio watu wa kusini. Mtu yuleyule, ukivuka maji Mtambaswala, upande wake unageuka. Ndiyo maana mimi nikisikia kijana anaapa kwa Kusini kama anavyoapa kwa Mungu, namwuliza: Kusini ya ukutani kwako au Kusini ya ramani ya nani?

Mwisho. Msidhani mkipata mkubwa wa kwenu mmepona. Mzee Mkapa, Mungu amrehemu, alitoka Lupaso, akatawala miaka kumi, na wakati wake viwanda vingi vya umma viliuzwa. Daraja la Rufiji alitupa, nashukuru. Filipe Nyusi ni Mmakonde wa Mueda, shule alisoma kwetu Tunduru, akawa rais 2015, na vita vya Cabo Delgado vikaanza 2017 yeye akiwa Ikulu. Nimechoka kuandikisha, mjukuu ana masomo.

Mchangiaji wa 2, Tandahimba

Shikamoo babu. Nimekuelewa. Lakini naomba niseme linalosemwa chini kwa chini. Tangu Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya kilipovamiwa kutoka ng'ambo, watu wanaogopa. Mzee wa Chikongola huenda alikuwa anasema hofu, wala si chuki.

Mleta uzi

Shikamoo babu wa Nachingwea, maneno yako tumeyapokea sote.

Ndugu wa Tandahimba, umesema jambo la haki, na nililifikiria usiku. Hofu ipo. Waliokimbia Kitaya walikuwa wakulima wa mpunga wa bonde la Ruvuma, na wengi wana ndugu pande zote mbili. Lakini yule mama wazazi wake walivuka wakati wa vita vya Wareno, miaka zaidi ya 50 iliyopita. Akipimwa kwa risasi za 2020, tutampima nani kesho? Jirani zetu wa Kenya waliwaacha Wamakonde wa Kwale bila vitambulisho kwa vizazi, mpaka Oktoba 2016 walipotembea kwa miguu kwenda Nairobi. Tuliwashangilia sana huku. Tawini kwetu tukafanya yaleyale.

Mchangiaji wa 3, Dar es Salaam

Nimefuatilia mpaka hapa. Mkuu, kikao kijacho lini? Na ningependa kuja Mtwara msimu wa mnada, kwa nauli yangu, nikae ghalani na huyo mama siku mbili tatu. Semina nimehudhuria za kutosha.

Mleta uzi

Wakuu, mrejesho, baada ya siku kumi na mbili.

Kikao kilifanyika Jumapili. Nilisimama wa kwanza nikaomba radhi kwa kunyamaza. Nikasoma hoja ya Lindi yote, neno kwa neno, watu wakaguna. Kisha bibi mmoja, mwanachama wa tangu mwanzo, akasema kwa Kimakonde na tukatafsiri kwa wasiokijua: kwetu mtu ni wa ukoo wa mama yake, na nusu yetu tuliomo humu, tukiulizwa bibi wa bibi zetu kazikwa wapi, tutanyoosha kidole ng'ambo. Hakuongeza kitu. Kura zilizopigwa 54, mama wa daftari akapata 31. Yule kijana mwenzake ndiye aliyembebea kiti akakae mbele.

Jambo moja dogo. Kwenye daftari letu kulikuwa na safu imeandikwa "Mwenyeji wa". Katibu mpya ameuliza kama tunaweza kuandika "Kazi yake na anamuuzia nani". Tumebishana nusu saa, tukakubaliana safu zote mbili zibaki, kwa sababu wengine walitaka jina la kijiji chao lionekane na mimi sikuona ubaya.

Ndugu wa Dar, karibu. Mnada wa kwanza kawaida ni Oktoba, nitakutumia ujumbe.

Mzee hakuja kwenye kikao. Nimekwenda kwake mara mbili. Mara ya kwanza alisema amelala. Mara ya pili alinikaribisha ming'oko na chai, tukazungumza mvua na salfa, na kila nilipoligusa la kikao aliuliza habari za watoto wangu. Ijumaa baada ya swala narudi tena.